Aliyefunga Mlango Ndiye Mlishaji



Haki ya mzazi juu ya mwanawe tumeisikia, na haki ya mke juu ya mumewe, na haki ya jirani juu ya jirani yake. Mwenye haki hizo akidhulumiwa aweza kulia, aweza kwenda kwa kadhi, aweza angalau kumshitakia Mola wake kwa ulimi wake. Leo twataka kusema juu ya mwenye haki asiye na ulimi wa kuidai, wala hajui mlango wa hakimu uko wapi. Naye ni mnyama aliyefungiwa na mwanadamu kisha akasahauliwa. Na katika wanyama tumemchagua yule ambaye wengi wetu tukimwona huvuka upande wa pili wa njia: mbwa.

Twajua kuwa baadhi ya wasomaji watakunja uso na kusema, "Mbwa tena? Katika gazeti la nyumba za Kiislamu?" Tunawaomba watuvumilie mpaka mwisho. Hatukuja kumwambia mtu afuge mbwa ukumbini mwake, wala hatukuja kugeuza hukumu yo yote ya twahara. Tumekuja na habari moja ya kweli, na swali moja linalotokana nayo: mtu akimfungia kiumbe mlango, ni lipi lililo juu yake?

YALIYOTOKEA BORODYANKA

Borodyanka ni mji mdogo katika nchi ya Ukraine, yapata kilomita 50 kaskazini magharibi ya mji mkuu wa Kyiv. Hapo palikuwa na makao ya umma ya kuwekea mbwa: waliookotwa njiani, waliopotea, na waliotupwa na wenyewe. Nia ya makao kama hayo ni njema. Mbwa asigongwe na gari, asiume mtoto wa mtu, asizae ovyo mitaani, wala asilale na njaa. Kwa ajili hiyo hutiwa kizimbani, na mlango wa kizimba hufungwa.

Tarehe 24 Februari 2022 majeshi ya Urusi yaliingia Ukraine, na Borodyanka ikawa katika njia yao ya kuelekea Kyiv. Mwanzo wa Machi mabomu yaliyaangusha majumba ya ghorofa na kuwafukia watu waliokuwa wamejificha chini yake. Kila mwenye uwezo wa kukimbia alikimbia. Katika msukosuko huo mbwa 485 walibaki ndani ya makao yale, vizimba vimefungwa, na hapana mtu wa kuwapa chakula wala maji. Na siku zile zilikuwa bado siku za baridi kali katika nchi hizo. Juma likapita, na la pili, na la tatu, mwezi ukaisha.

Majeshi yale yalipoondoka, mwanzoni mwa Aprili, watu wa kujitolea waliweza kufika na kuingia. Katika mbwa 485 waliwakuta 222 wamekwisha kufa. Waliosalia walikuwa humo humo pamoja na wafu wao, mifupa imejitokeza ngozini, wengine hawawezi kusimama. Wakatolewa na kugawanywa: waliokuwa mahututi wakapelekwa kwa madaktari wa wanyama, na wengine wakachukuliwa na makao mengine na watu wenye huruma.

Msomaji, izingatie hesabu hiyo. Hawakufa kwa bomu wala kwa risasi. Waliuawa na mlango. Mbwa aliye huru, hata katika vita, atafukua jaa, atakunywa maji ya mtaroni, atakimbilia msituni. Wale hawakupewa hata nafasi hiyo. Ukuta uliojengwa ili kuwahifadhi na njaa ndio uliowaletea njaa. Kwa sababu hiyo watu wengi wa nchi ile, juu ya msiba wao wenyewe, waliuliza kwa hasira: aliyekuwa na ufunguo alikuwa wapi?

Wala usidhani kuwa vita peke yake ni udhuru wa kutosha. Katika mji wa Hostomel, karibu na uwanja wa ndege ulioshambuliwa siku ile ile ya kwanza, alikuwako mama mmoja mwenye umri uliopita miaka 70, naye ana makao yake yenye mamia ya mbwa na paka. Yeye hakuondoka. Mizinga ikilia, askari wakipita, aliendelea kuwahudumia viumbe aliowafungia mlango kwa mkono wake. Vita ni ile ile moja. Tofauti ilikuwa katika kuijua amana.

PAKA ALIYEFUNGWA NA MBWA ALIYENYWESHWA

Sisi Waislamu habari ya Borodyanka haikutukuta mikono mitupu. Katika Sahihi mbili, ya Bukhari na ya Muslim, mmehifadhiwa visa viwili ambavyo watoto wetu huvisikia tangu wakiwa chuoni, lakini aghalabu havisomwi pamoja. Basi na tuvisome pamoja leo.

Cha kwanza ni kisa cha mwanamke aliyeingia Motoni kwa sababu ya paka. Tuangalie vizuri kosa lake lilikuwa nini. Mtume (s.a.w.) hakusema kuwa mwanamke yule alimpiga paka, wala kuwa alimchoma moto, wala kuwa alimkata mkia. Kosa lake lilikuwa kumfungia, asimlishe wala asimnyweshe, na wala asimwachie ajitafutie wadudu wa ardhini. Hayo ndiyo yote. Mwanamke yule hakufanya kitu, na kutofanya kwake kitu ndiko kulikomwangamiza.

Humo mna kanuni kamili. Mbele ya mwenye kufunga pana njia mbili za kuokoka: ama alishe, ama aachie. Ya tatu, ya kufunga na kunyamaza, ndiyo njia ya Moto. Kwa hivyo jukumu la kulisha halikutokana na kumpenda paka, wala na kuwa paka ni safi. Limetokana na mlango. Kabla hujafunga, riziki ya kiumbe yule iko mikononi mwa Mwenyezi Mungu kwa njia alizomwekea katika ardhi Yake. Siku uliyofunga, umezikata njia zile, ukajiweka wewe kati yake na riziki yake. Jambo hilo si dogo.

Kisa cha pili ni cha mtu aliyekuwa safarini, akashikwa na kiu, akateremka kisimani akanywa. Alipotoka alimwona mbwa ametoa ulimi, akila tope kwa kiu. Akajisemea kuwa kiu iliyomfika mnyama huyu ni ile ile iliyokuwa imemfika yeye. Akarudi kisimani, akakijaza maji kiatu chake, akakiuma kwa meno ili mikono ipate kupandia, akamnywesha. Mwenyezi Mungu akampokelea tendo lake na kumsamehe. Masahaba wakastaajabu, wakauliza kama wana thawabu hata kwa wanyama. Mtume (s.a.w.) akawajulisha kuwa katika kumtendea wema kila kiumbe chenye uhai mna thawabu.

Na angalia: katika kisa hiki hakutajwa mbuzi, wala farasi, wala ngamia. Ametajwa mbwa. Wala mtu yule hakuulizwa kwa nini alikitia kiatu chake mdomoni mwa mbwa. Kiatu huoshwa. Uhai uliotoka haurudi.

NAJISI SI LAANA

Hapa ndipo wengi wetu tunapochanganya mambo mawili. Katika madhehebu ya Imamu Shafii, ambayo ndiyo ya wengi wa Waislamu wa pwani yetu, mbwa ni najisi, na chombo alichokiramba huoshwa mara saba, moja katika hizo kwa udongo. Madhehebu ya Imamu Malik yamemhesabu mbwa kuwa twahara. Hiyo ni hitilafu ya maulamaa, na kila mtu afuate madhehebu yake kwa utulivu. Lakini hapana imamu hata mmoja aliyesema kuwa kwa vile mbwa ni najisi basi ni halali kumtesa. Damu yako mwenyewe ikikutoka ni najisi. Je, kwa sababu hiyo umeruhusiwa kuujeruhi mwili wako?

Hukumu ya najisi inakufundisha namna ya kujiosha. Haikufundishi namna ya kuchukia. Mbwa mkavu akipita karibu na nguo yako kavu hakukunajisi kitu. Akikurowesha mate, maji na udongo vipo, na baada yake sala yako ni kamili kama ya mwenzako.

Katika kitabu cha Minhaj cha Imamu Nawawi, ambacho vyuo vya pwani yetu vimekisomesha vizazi kwa vizazi, mna mas'ala katika mlango wa tayammamu ambayo yangetosha kutufumbua macho. Mtu akiwa na maji machache ya kutawadhia, na mbele yake pana kiumbe mwenye kuheshimiwa uhai wake anayehitaji maji yale kwa kiu, basi maji hupewa mwenye kiu, na mwenye kusali hutayamamu. Na mashekhe walioyafafanua maneno hayo walieleza ni wanyama gani waliotoka katika heshima hiyo. Katika mbwa walimtaja mbwa mkali mwenye kuuma. Ama mbwa asiyemdhuru mtu, kiu yake ina haki katika maji ya udhu wako. Ni dini gani nyingine, ndugu zangu, iliyopeleka huruma mpaka hapo?

Naye Imamu Izzuddin bin Abdussalam, aliyefariki mwaka 660 wa Hijra, sawa na 1262, aliandika katika kitabu chake cha kanuni za sheria haki za wanyama juu ya mwanadamu. Miongoni mwake ni kumlisha mnyama hata akizeeka au akaugua ugonjwa usiotarajiwa kupona, akawa hana manufaa tena kwa mwenyewe. Asitwikwe mzigo asioweza. Wala asiwekwe pamoja na mwenye kumdhuru. Maneno hayo yaliandikwa kabla ya vyama vya kuhifadhi wanyama vya Ulaya kwa zaidi ya miaka 500. Mwenye kuona kuwa kuwahurumia wanyama ni mtindo uliokuja na Wazungu, basi hakusoma vitabu vya nyumbani kwake.

KISIWA KISICHO NA KHERI

Lakini kujua haki si kuitimiza, na sisi pia tuna doa letu. Mji wa Istanbul, uliokuwa makao ya Makhalifa wa Kiosmani, ulijulikana duniani kwa mbwa wake wa mitaani. Watu wakiwalisha makombo, na wako waliowawekea wanyama sadaka maalumu. Lakini mwaka 1910 wakuu wa mji walitaka mji wao ufanane na miji ya Ulaya, ambako mbwa koko hawaonekani. Wakaamrisha mbwa wakamatwe na kupakiwa majahazini, wakatupwa katika kisiwa cha Sivriada ndani ya Bahari ya Marmara. Walikuwa maelfu kwa maelfu. Kisiwa kile ni jabali tupu, hakina maji ya kunywa. Waliopita karibu kwa vyombo walisikia vilio vyao baharini, mpaka vilipokoma. Watu wa mji wakakiita kisiwa hicho Hayırsızada, yaani kisiwa kisicho na kheri, na mabalaa yaliyoufika mji ule baadaye wengi wao waliyahesabu kuwa ni malipo ya dhuluma ile.

Ikiwa Borodyanka palikuwa na ukuta wa mawe, Sivriada palikuwa na ukuta wa maji. Ukuta ni ukuta.

Na mas'ala haya hayajaisha. Tarehe 30 Julai 2024 Bunge la Uturuki lilipitisha sheria ya kuwataka wakuu wa miji wawakusanye mbwa wa mitaani na kuwaweka katika makao. Waliotaka sheria hiyo walikuwa na hoja nzito, nao walitaja watoto walioumwa na watu waliouawa. Kilio cha mzazi aliyepotewa na mwanawe hakidharauliwi. Lakini serikali yenyewe ilikisia kuwa mbwa wa mitaani ni milioni 4, na makao yote 322 yaliyokuwapo wakati huo yalikuwa na nafasi ya mbwa 105,000. Gawanya, utaona kuwa kila nafasi moja yagombewa na mbwa karibu 40. Basi ni haki kuuliza kabla ya kufunga mlango: nani atalisha?

JINSI MAKAO YANAVYOANGUKA

Usidhani kuwa makao ya wanyama huharibika kwa waovu tu. Mara nyingi huharibika kwa watu wema wasiopiga hesabu. Mtu huanza na mbwa watatu aliowaonea huruma. Majirani wakisikia, humletea wa nne na wa kumi, wengine wakimtupia watoto wa mbwa mlangoni usiku. Haya humzuia kusema hapana. Naye mbwa jike hubeba mimba kwa kiasi cha siku 63 tu, huzaa watoto kadhaa kwa mara moja, na aweza kuzaa mara mbili kwa mwaka. Wasipohasiwa madume na kufungwa kizazi majike, kumi huwa hamsini kabla mwenyewe hajatanabahi.

Kisha kuna chakula. Mbwa wa kadiri ya kilo 20 huhitaji kiasi cha gramu 300 za chakula kikavu kwa siku. Mbwa 100 wa namna hiyo ni kilo 30 kila siku ya Mungu, yaani karibu tani moja kila mwezi. Fedha zikitoka kwa mfadhili mmoja, naye akafa au akafilisika, makao nayo yamekufa, ila wakazi wake hawajui. Kwanza hupunguzwa chakula, kisha dawa, kisha mshahara wa mlishaji. Mlishaji huanza kuja siku moja moja. Mgonjwa hachanganuliwi na mzima. Mwenyewe huona haya kuomba msaada, hufunga lango la nje ili watu wasione, na huko kuficha ndiko kunakoua. Maadam lango li wazi, mwenye huruma aweza kupita akaona.

Basi dalili za makao yanayoanguka ni hizi: wageni hawaruhusiwi kuingia, hapana daftari lenye idadi ya wanyama, majike wana mimba ndani ya makao, maji ya kunywa ni machafu au vyombo vimekauka, na mtu ni mmoja tu mwenye ufunguo. Mwenye kuziona dalili hizo asingoje harufu ya mizoga. Na aanze kwa upole: amwendee mwenyewe na kumwambia, "Ndugu, mzigo umekuzidi, tukusaidie kuupunguza." Asiposikia, zipo idara za mifugo za serikali na vyama vya kuwahifadhi wanyama, na kuwapelekea habari si kusengenya. Ni kumwokoa mdhulumiwa, na kumwokoa dhalimu na dhuluma yake.

NAMNA YA KUOKOA

Huruma bila ya elimu yaweza kuua. Mbwa aliyekaa na njaa siku nyingi, ukimwekea sinia ya ubwabwa na nyama mara moja, huenda akafa baada ya kushiba, kwa kuwa mwili uliozoea njaa huvurugikiwa na chumvi zilizomo katika damu chakula kingi kinapouingia ghafla. Waokoaji wenye ujuzi humpa maji kidogo kidogo, na chakula kidogo mara nyingi kwa siku, wakiongeza taratibu kwa muda wa siku kadhaa, chini ya macho ya daktari wa wanyama.

Baada ya hapo huhesabiwa wote na kuandikwa, wagonjwa wakatengwa, wakachanjwa, wakazuiwa kuzaa. Kisha hutafutiwa wenyewe wapya, mmoja mmoja. Hii ndiyo kazi ndefu isiyopigwa picha. Kuvunja kufuli huchukua dakika moja. Kumpatia kila mbwa mtu wa kumtunza huchukua miezi na miaka. Ama kuwafungulia tu wakatawanyika, hilo ni la mwisho kabisa, pale ambapo kubaki ndani ni kufa, kwani mji nao una haki ya kusalimika. Lakini hata hilo ni bora kuliko kufuli juu ya maiti.

"NA WATU JE?"

Wako watakaosema, "Watu wanakufa kwa njaa na vita, nanyi mwalilia mbwa!" Swali hili ni la haki, wala hatulikwepi. Mwanadamu ametukuzwa, naye hutangulizwa. Panapokuwa na mkate mmoja baina ya mtoto na mbwa, ni wa mtoto. Hapana mwanachuoni anayehitalifu katika hilo.

Lakini ni mara ngapi katika maisha yetu mkate umekuwa mmoja? Mbwa wa mtaani kwetu hafi kwa kuwa chakula chake amepewa yatima. Hufa hali makombo ya karamu yetu yamemwagwa jaani yakafunikwa. Na waliokwisha kuijua njaa ndio mara nyingi wasiosema maneno hayo. Huko Gaza, katika vita iliyoanza Oktoba 2023, jumuiya ya Sulala, ambayo ilikuwa na makao ya mamia ya mbwa, iliendelea kuwalisha na kuwatibu mbwa na paka, hali wale waliokuwa wakiwalisha wenyewe walikuwa wakihama toka mahali hata mahali na chakula ni cha kutafutwa kwa shida. Ikiwa mtu aliye katika dhiki ile hakuona kuwa huruma yake itapungukiwa akimpa mbwa sehemu, sisi tuliokula tukasaza tuna udhuru gani?

Tena kumtunza mbwa ni kumtunza mtu. Shirika la Afya la Dunia lakisia kuwa kichaa cha mbwa huua watu 59,000 kila mwaka ulimwenguni, wengi wao Asia na Afrika, na wengi ni watoto. Karibu wote waliambukizwa na mbwa. Tiba ya maradhi hayo yakishadhihiri ni kama haipo, lakini kinga ipo, nayo ni chanjo ya mbwa. Tunaye shahidi wa karibu. Kisiwani Pemba, ambako wakazi karibu wote ni Waislamu, tangu mwaka 2010 mbwa walichanjwa na maradhi yakapungua. Chanjo ilipolegezwa, kichaa cha mbwa kikarudi mwishoni mwa 2016. Wakarejea kuwachanja mbwa kisiwa kizima, na Oktoba 2018 mlipuko ule ukakomeshwa. Funzo lake ni lile lile la makao yanayoanguka: ulezi si kazi ya siku moja, na ukiuacha njiani, madhara yake hukurudia mlangoni.

YALIYO JUU YETU

Wazazi, mtoto akitoka chuoni na juzuu kwapani, akaokota jiwe akamtupia mbwa aliyelala, msicheke. Mwambieni habari ya kiatu kilichojazwa maji. Mfundisheni kuoshea najisi, na mfundisheni kuwa huyo naye ana Mola aliyemwumba. Na mtoto akiumwa na mbwa ye yote, jeraha lioshwe kwa sabuni na maji ya kumwaga kwa muda wa dakika 15, kisha apelekwe hospitali siku ile ile, asingoje.

Mwenye mbwa wa kulindia shamba au mifugo, na hilo sheria imeliruhusu, amchanje, amnyweshe, wala asimfunge mnyororo jua kutwa kisha akaenda harusini siku tatu. Mwenye njiwa, mwenye kuku tunduni, mwenye kasuku kizimbani, mwenye punda zizini, kisa cha paka kimemhusu kila mmoja wao. Kabla ya safari tunauliza, "Nani atalala nyumbani?" Na tuulize pia, "Nani atalisha?"

Nanyi vijana, msione haya kusomea uganga wa wanyama, wala kujitolea katika makao yaliyo karibu nanyi. Tengeni nguo za kazi hiyo na nguo za sala. Udongo haujaisha duniani, wala maji.

Walioingia Borodyanka mwanzoni mwa Aprili waliikuta nusu moja imekwisha na nusu moja ingali na uhai. Wale 222 hapana wa kuwarejesha. Lakini kwa wale waliosalia, mlango ulifunguliwa, na mkono uliowafungulia ulikuwa na maji. Kila mmoja wetu ana ufunguo wa mlango fulani. Twamwomba Mwenyezi Mungu asitujaalie kuwa miongoni mwa wenye kufunga wakasahau, na siku tutakayokuwa sisi wenye kiu, atunyweshe kwa rehema Yake. Amin.